Mtoto anaandamwa WhatsApp: hifadhi ushahidi kabla ya kufuta

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia mama mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma mjini. Binti yake wa darasa la saba alikuwa anasakamwa kwenye kundi la masomo: picha yake imegeuzwa stika, wenzake wanaitumiana na kucheka. Mama kwa uchungu akamtoa kwenye kundi na kufuta kila kitu. Tulipofika shuleni, swali la kwanza la mwalimu lilikuwa, "Mmekuja na nini cha kunionyesha?"

Hatua ya 1: Ahadi

Mwambie mtoto mapema kwamba akikueleza jambo baya la mtandaoni, hutamnyang'anya simu. Hilo ndilo linalowafanya wanyamaze. Ukishaahidi, timiza.

Hatua ya 2: Mipangilio

Ndani ya WhatsApp, sehemu ya faragha, ruhusu picha yake ionekane na watu aliowahifadhi tu, na wao tu ndio waweze kumwingiza kwenye makundi. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya kulinda akaunti. Fanya hivyo hata kama simu ni yako na mwanao anaiazima jioni tu. Programu za kumpeleleza mtoto kwa siri sizipendi kabisa: akigundua, atahamia simu ya rafiki yake, nawe hutaona tena chochote.

Hatua ya 3: Ushahidi

Hapa usiharakishe.

Piga skrinishoti ya matusi yenyewe pamoja na ujumbe wa kabla na wa baada, ili mtu asije akasema ulikuwa utani. Kila ujumbe una saa tu. Tarehe huonekana katikati ya maongezi, kwa hiyo panda juu kidogo mpaka uipate. Kisha fungua wasifu wa mtumaji, upige picha namba yake. Jina ulilomhifadhia wewe, "Jack wa Kibirizi", halimtambulishi mbele ya mtu mwingine.

Angalia kama ujumbe wa kundi umewekwa ujifute wenyewe. Unaweza kupotea ndani ya saa 24. Na mtumaji naye anaweza kufuta upande wa kila mtu. Ndiyo maana skrinishoti inatangulia maneno yote, hata kumpigia simu mzazi mwenzako. Kisha hamisha maongezi yote ujitumie kwa barua pepe. Mimi huandika pia kwenye daftari: siku, saa, nani kasema nini, mtoto alikuwa wapi. Daftari halikosi chaji.

Ila kama ni picha ya utupu ya mtoto, usiipige skrinishoti wala kumtumia yeyote, hata mwalimu, hata shangazi. Kuisambaza ni kosa, na kila nakala inamuumiza mtoto upya. Peleka simu yenyewe polisi kama ilivyo.

Hatua ya 4: Kubloki na kuripoti

Sasa mbloki. Ukimripoti, soma kwanza: WhatsApp huweza kukupa chaguo la kufuta maongezi palepale, hivyo hakikisha halina tiki. Kumbuka pia kwamba uliyembloki bado utaziona jumbe zake kwenye kundi mlilo pamoja, kwa hiyo mtoto atoke humo.

Hatua ya 5: Pa kwenda

Mnyanyasaji akiwa mtoto mwenzake, anza na mwalimu na wazazi wake, ana kwa ana. Naye ni mwanetu. Akiwa mtu mzima, au kuna vitisho au kudai pesa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Namba ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, kwa hiyo ihifadhi kwenye simu anayoitumia.