Mtoto Akiugua Akili: Namna ya Kuwajibu Wakwe, Majirani na Shule

Mtoto akiugua akili, lawama humfikia mama kwanza: "Wazimu uko kwenye ukoo wenu." Au, kibaya zaidi, kwamba wazazi wamemtoa kafara ili wapate mali. Maneno haya yanaumiza, na lawama hizo hazina msingi.

Andaeni jibu moja fupi ambalo nyumba nzima italishika: "Anaumwa, anatibiwa, yuko kwenye dawa." Basi. Jina la ugonjwa si la kila anayeuliza. Baba akisema ni malaria iliyopanda kichwani na mama akisema masomo yamemzidi, watu watajua mnaficha kitu. Wafundisheni na wadogo zake jibu hilohilo, maana wao ndio wanaotaniwa njiani kwamba kaka yao ni wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kwa wakwe, msibishane. Chagueni mmoja anayesikilizwa, shangazi au babu, mwende naye kliniki. Mbele yake muulize daktari: "Je, ni malezi yetu?" Maelezo yale yale yakitoka kwa mama huonekana anajitetea. Kama ugonjwa ni skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, atasikia kwamba hausababishwi na malezi mabaya, na kwamba urithi huchangia bila kumfanya yeyote awe na kosa.

Hatari kubwa huja siku chache baada ya kuanza dawa. Haloperidol, moja ya dawa za ugonjwa wa akili, inaweza kukaza shingo na taya, macho yakapinduka juu. Majirani husema jini limepanda, dawa zinatupwa, safari ya kwa mganga inaanza. Hayo ni madhara ya dawa. Mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, mkikimbia zaidi akishindwa kumeza au kupumua. Kuna sindano inayolegeza misuli, mara nyingi ndani ya nusu saa. Waelezeni watu wa nyumbani kabla ya kidonge cha kwanza, si baada ya taharuki.

Shuleni, muone mwalimu wa darasa faraghani. Mwambie dawa humsinzisha asubuhi, asichapwe kwa kusinzia, na muachie namba ya simu.

Mgeni akija, msimfungie chumbani. Mlango uliofungwa ndio unaozaa uvumi, na mtoto mwenyewe anaelewa kwa nini umefungwa.

Siku ya kliniki, kaa karibu na mzazi ambaye mwanawe ameshatulia, umuombe namba.