Namna ya kuchambua hotuba ya vita, kwa mfano wa Nyerere, Novemba 1978

Binti wa kaka yangu alinijia nyumbani Chake Chake na kazi ya chuo: achambue balagha, yaani ufundi wa kusema ili kushawishi, katika hotuba ya kiongozi wakati wa vita. Alikuwa keshajaza kurasa tatu. "Ami, nimepata takriri, nimepata usambamba, nimepata nidaa." Nikamuuliza, haya, na zinafanya kazi gani humo? Akanyamaza. Basi tukaanza upya na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, ile ya kumpiga Idi Amin, rais wa Uganda. Nayaandika tuliyoyafanya kwa sababu najua hayuko peke yake.

Hatua ya 1: Hotuba inajibu nini?

Mwishoni mwa Oktoba askari wa Amin walivuka mpaka wakaingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Kesho yake Nyerere akasema. Mistari minne inatosha. Historia ya Uganda tangu uhuru hukuulizwa.

Hatua ya 2: Pata maneno yenyewe

Hapa palitula usiku mzima.

Binti aliichukua ile sentensi mashuhuri, yenye vipande vitatu vinavyosema kuwa uwezo, nia na sababu ya kumpiga Amin tunavyo, kutoka kwenye picha iliyokuwa ikizunguka simuni. Nikamwambia atafute nyengine. Akaja na tatu, na hazikulingana. Moja ilianza na uwezo, moja na nia, moja na sababu. Moja iliandika "sababu ya kumpiga tunayo", nyengine "sababu za kumpiga tunazo". Akasema, "Si maneno yale yale, ami?" Siyo. Anayeanza na uwezo anamjibu mtu mwenye hofu: tutaweza kweli? Anayeanza na sababu anamjibu mwenye shaka: kuna haki ya kupigana? Na neno linalokaa mwisho ndilo analoondoka nalo msikilizaji. Ukikosea mpangilio, umechambua hoja ya aliyetengeneza picha, Nyerere hayumo. Ndiyo maana hapa sikupi mpangilio. Usikilize mwenyewe.

Tafuta sauti ndefu kuliko zote utakazopata. Vipande vifupi vimekatwa na watu wenye haraka, na vingine vimewekewa muziki chini yake, ukashindwa kusikia pumzi. Tumia spika za masikioni za waya. Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi tuliijaribu, ikatuandikia "tunao" na "tunayo" kama kitu kimoja, nikaifunga. Kalamu na daftari. Mara ya kwanza andika maneno tu. Mara ya pili usiguse maneno, tia mikwaju (/): mmoja pale anapopumua, miwili pale anaponyamaza. Mara ya tatu sikiliza watu, kama wamo: wameanza lini kupiga makofi, yeye amesubiri au amewakatiza? Pembeni andika dakika na sekunde. Usilolisikia weka nukta, usilijaze kwa kukisia.

Na hapa nijisemee mwenyewe. Mimi ndiye niliyeharibu. Sentensi ile naijua kwa moyo tangu utotoni, kwa hiyo niliandika ninavyoikumbuka, huku sauti inasema mbele yangu. Binti, ambaye hakuwa na mazoea nayo, ndiye aliyenisahihisha, saa saba ya usiku. Ukiwa unaijua sana hotuba, mpe mwengine aandike.

Onyo hili ni kwa wanaochagua Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pia, maana ndiye anayependwa. Hotuba ya tarehe 4 Juni 1940, ile ya kupigana ufukweni, aliitoa bungeni na haikurushwa redioni kwa sauti yake siku ile. Sauti mnayoisikia leo aliirekodi mwaka 1949, vita vimeshakwisha. Ukiandika kuwa "sauti yake iliwatia moyo Waingereza usiku ule", umeanguka.

Hatua ya 3: Badilisha kitu kimoja, usikie kimekufa nini

Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko orodha yoyote ya tamathali za usemi, kama zile takriri na nidaa. Chukua "uwezo wa kumpiga tunao", uigeuze: "tuna uwezo wa kumpiga". Maana ni ile ile, sarufi haina tatizo, lakini imekuwa taarifa ya ofisini. Kwa nini? Kwa sababu katika ya kwanza kitu kinatangulia na kitenzi kinakuja kukifunga: tunao, tunayo, tunayo. Upatanisho wa ngeli umefanya kazi ya kina cha shairi, yaani mlio unaofanana mwishoni. Hesabu na mizani, yaani silabi, kama shairi: u-we-zo-wa-ku-m-pi-ga-tu-na-o, kumi na moja. Ya nia ni kumi. Ya sababu ni kumi na moja. Mtu aliyekulia kwenye mashairi hahitaji kuhesabu, sikio limeshamwambia.

Sasa shika silabi moja: *m*. Kumpiga. Jaribu "kuipiga Uganda". Jaribu "kupigana naye". Ya kwanza inaitia nchi nzima, mkulima wa Masaka na mvuvi wake. Ya pili inawafanya wawili kuwa sawa, huyu anapiga na yule anapiga. "Kumpiga" inamtoa mtu mmoja mbele, naye ni wa kupigwa tu. Hoja kwamba adui ni Amin na siyo Waganda imekaa ndani ya kiambishi, hata kabla haijaelezwa. Waganda waliokuwa uhamishoni walikuja kupigana upande wa Tanzania, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Lakini tahadhari: usiandike kwamba silabi ndiyo iliyoleta hayo. Andika kwamba iliwaachia nafasi.

Kisha *tu-*. Tunao ni nani? Kiswahili hakitofautishi "sisi pamoja nawe" na "sisi bila yako", kwa hiyo kila anayesikiliza anaingia mlangoni bila kuulizwa: askari, mama wa Bukoba, na mzee wa Wete ambaye Kagera hajaiona hata kwenye ramani. Kwetu visiwani swali hili lina uzito wake. Ulinzi ni jambo la Muungano, na wakati ule CCM yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka miwili tangu TANU ya bara na ASP ya Zanzibar ziungane. Binti alitaka kuliruka, akiona ni siasa. Nikamwambia, hotuba ya siasa utaichambuaje bila siasa?

Hatua ya 4: Hesabu

Nenda kwenye daftari, hesabu "tu-" ngapi, "ni-" ngapi. Kiongozi anasema kama mtu mmoja au kama nchi? Kwisha.

Hatua ya 5: Andika

Aya moja, ugunduzi mmoja: maneno yake, ulichobadilisha, kilichopotea. Jina la tamathali litie mwisho wa aya, au uliache kabisa. Wasahihishaji wengine wanataka majina kwanza, binti alilazimika kuyarudisha juu. Sikubaliani nao, lakini alama ni zao.

Kabla ya kukabidhi, nenda barazani ukamsomee mtu aliyeisikia redioni mwaka ule. Sisi tulimpata mzee mmoja jirani. Alizisikiliza kurasa nzima bila ya kusema, tulipofika kwenye mikwaju miwili akainua mkono: "Hapo. Hapo tulijua tunaondoka." Binti akaiandika pembeni. Nenda mara tu baada ya alasiri. Mchezo wa dhumna ukishaanza hutopata neno.