Kabla hujalipia madirisha, yafungue na uyafunge kwanza

Wengi wetu tukienda kuchagua madirisha tunaangalia rangi ya fremu, tunauliza kioo cheusi kipo, basi tunalipa. Mimi nilifanya hivyohivyo, mvua kubwa ya kwanza maji yakaingia mpaka chini ya kochi, fundi akaja akajaza silikoni kila alipoona tundu na ndo ikawa balaa zaidi. Kumbe dirisha la slaidi lina vitundu upande wa nje chini ya reli, vimewekwa makusudi ili maji yakiingia kwenye reli yatoke nje, na jamaa alikuwa ameviziba vyote! Nilitoboa ile silikoni kwa msumari, maji yaliyotuama yakachuruzika kama bomba.

Kwa hiyo ukienda kukagua slaidi nenda na kikombe cha maji, mwaga kwenye reli uone yanatokea wapi. Wakikushangaa waache washangae. Halafu sukuma dirisha kwa kidole kimoja, likigoma au likikwaruza ujue vigurudumu ni vya hovyo, na hivyo ndo huwa vinakufa mapema kuliko kitu kingine chochote.

Kama sehemu yako ina upepo na mvua ya kupiga ukutani, mi ningechukua la bawaba, maana ukilifunga linabana raba pande zote, slaidi haiwezi kubana hivyo. Jaribu na karatasi: ifungie katikati ya dirisha na fremu halafu ivute, ikitoka kiulaini hapo upepo unapita. Rudia kwenye kona, kona ndo zina uongo mwingi.

Fremu sitaongea sana. Alumini haiozi ila inapitisha joto na baridi vibaya mno, labda ile yenye kipande cha plastiki katikati kinachotenganisha upande wa ndani na wa nje. PVC inazuia joto vizuri, hakikisha tu ina chuma ndani kama dirisha ni kubwa. Mbao nzuri, mradi hutachoka kupaka rangi.

Kwenye kioo usikubali kuambiwa "ni kigumu" ukaridhika. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande kama visu, cha tempadi kinamwagika punjepunje, cha laminati kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana kwa sababu kuna plastiki katikati. Tempadi mara nyingi ina mhuri mdogo kwenye kona, na haikatwi ikishatengenezwa, kwa hiyo fundi akikuambia atakuja kuipunguza hapohapo site jua sio tempadi. Ukichukua vioo viwili vyenye nafasi katikati angalia kama kuna ukungu ndani, ukiuona huko ambako kitambaa hakifiki basi pameshapitisha hewa, rudisha.

Haya, dirisha la paa. Hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Kwanza joto: jua la mchana linalipiga moja kwa moja, kwa hiyo dogo lenye kioo cha kuakisi joto ni bora kuliko kubwa la kukufanya uishi kwenye jiko. Likiwa la kufunguka zuri zaidi, hewa ya moto inapanda yenyewe na kutoka. Kioo cha upande wa ndani kiwe laminati, sababu unalala chini yake. Ukiamua kuweka polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, badala ya kioo, upande wenye kinga ya jua ndo unatazama juu, ukigeuzwa inakuwa njano na kukatika mapema.

Na kuvuja mara nyingi hakutoki kwenye kioo, kunatoka kwenye vile vipande vya bati vinavyozunguka fremu. Vinaanza kufungwa vya chini, kisha vya pembeni, cha juu mwisho, na hicho cha juu kinaingia CHINI ya bati la paa ili maji yapite juu yake. Fundi anayetegemea silikoni peke yake mshukuru mwachane. Kwenye paa bapa fremu inuliwe kama 150 mm hivi kutoka usawa wa paa.

Ukishaliweka ukaona matone yanadondoka asubuhi za baridi na mvua haijanyesha, usikimbilie kumpandisha mtu juu. Huo ni mvuke wa bafu na sufuria unaokutana na kioo cha baridi, tafuta pa kuutolea.