Nusu kidonge baada ya Isha: namna ya kuanza amitriptilini kwa ajili ya usingizi

Nauza vitumbua Ngamiani, Tanga, na jiko langu huwaka saa kumi alfajiri. Natanguliza hilo kwa sababu dawa ninayotaka kuieleza inaleta usingizi mzito, na mtu anayepewa dawa ya namna hii ajiulize kwanza: kesho asubuhi mikono yangu itakuwa karibu na nini? Yangu iko karibu na mafuta ya moto. Yako pengine iko kwenye usukani, kwenye mashine ya kusaga, au imembeba mtoto mchanga.

Nilifika kwenye dawa hii kwa njia ndefu. Mama yangu alifariki, na kabla arobaini haijafika nikapata mkanda wa jeshi, kuanzia mgongoni kuzunguka mbavu za kushoto. Vipele vilikauka, maumivu yakabaki. Hata khanga ikigusa pale, ngozi ilikuwa inaungua. Nikawa nalala saa tatu na naamka saa saba usiku, basi, mpaka alfajiri natazama dari. Hali hiyo ilidumu karibu miezi mitatu. Jirani alinishauri ninunue Valium, akanitajia na duka linalouza bila cheti. Namshukuru Mungu sikwenda. Valium na ndugu zake huleta usingizi kweli, lakini mwili huzizoea upesi, na kuziacha kunakuwa kazi nyingine.

Daktari wa kituo cha afya aliniuliza maswali kwa muda mrefu, kisha akaniandikia amitriptilini. Nilipofika nyumbani wifi yangu alisoma karatasi, akatafuta jina kwenye simu, akaniambia kwa huruma, “Wifi, hii ni dawa ya sonona. Wamekuona una ugonjwa wa akili.” Kidogo niitupe. Kwa hiyo nakueleza mapema ili usishtuke kama mimi: ndiyo, ni dawa ya sonona, inatumika tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Kwa sonona mara nyingi mtu hupandishwa taratibu mpaka miligramu 75 au hata 150 kwa siku. Kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, madaktari huitumia kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, kuzuia kipandauso, na kuleta usingizi. Mimi nilikuwa na maumivu na nimekosa usingizi, ndiyo maana alichagua hii. Tena hata kama ingekuwa ni kwa ajili ya sonona, hakuna aibu. Huzuni inayokunyima usingizi na chakula ni ugonjwa, na una dawa.

Kama shida yako ni usingizi peke yake, bila maumivu wala sonona, mwulize daktari kama kweli unahitaji kidonge. Wangu aliniambia wazi kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu ni kurekebisha mazoea ya kulala na kuzungumza na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na kwamba dawa hii kwa usingizi mtupu siyo chaguo la kwanza.

Sasa, kabla hujameza cha kwanza, mweleze daktari kila kitu. Namaanisha kila kitu, hata yale unayoona hayahusiani. Ukiwa na ugonjwa wa moyo au mapigo yanayoruka, sema, kwa sababu dawa hii inagusa umeme wa moyo. Presha ya macho, sema. Wanaume wenye tezi dume waseme bila haya, maana mkojo unaweza kuziba kabisa. Kifafa, ini, mimba, kunyonyesha. Kama umewahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa hulali na huchoki, una mipango mikubwa na matumizi ya ajabu, hilo ni muhimu mno, kwa sababu dawa za sonona zinaweza kuirudisha hali hiyo. Na kama umewahi kufikiria kujiua, au unafikiria sasa, mwambie. Hatakufukuza. Atachagua dawa nyingine, au atakupa vidonge vichache vichache.

Upande wa dawa nyingine, mimi nilibeba mfuko mzima na kuumwaga mezani kwake. Alitoa tramadoli niliyopewa kwa ajili ya maumivu akasema hii na hii hazikai pamoja, zinaweza kuleta degedege. Alitoa na Piriton, ambayo nilikuwa nainywa nikitafuta usingizi. Piriton na amitriptilini zote mbili hukausha mwili na kulevya, ukizichanganya unajiongezea mzigo. Flukonazoli ya fangasi na baadhi ya ARV hupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu. Dawa ya mseto ya malaria nayo inaweza kugusa mapigo ya moyo, kwa hiyo siku ukipimwa ukakutwa na malaria usinyamaze, sema unatumia nini. Pombe acha kabisa. Mirungi vilevile. Na za mitishamba zitaje kwa majina.

Cheti changu kiliandikwa kidonge cha miligramu 25, nianze na nusu kwa wiki nzima, kisha kizima kama hakuna tatizo. Uliza famasi kama kidonge ulichopewa kinafaa kukatwa, na waombe wakukatie. Ukishakikata kina uchungu mkali na ulimi hufa ganzi kidogo, kwa hiyo usikiache mdomoni. Maji tayari mkononi, kidonge, meza.

Anza usiku ambao kesho yake huna kazi ya hatari. Mimi Ijumaa siuzi, nikaanza Alhamisi. Namshukuru aliyenipa wazo hilo, kwa sababu usiku ule nilikosea saa. Nilimeza saa nne, nikiwa nishapanda kitandani, nikidhani dawa ya usingizi humezwa pale pale unapolala. Usingizi ulikuja, tena mtamu, wa kwanza kwa wiki nyingi. Lakini kengele ya simu ililia saa kumi sikuisikia. Niliamka saa moja na nusu, kichwa kizito kama nimebeba ndoo, miguu haiko yangu. Ingekuwa siku ya kazi, ningekuwa mbele ya kikaango katika hali ile.

Niliporudi kuuliza, daktari alinieleza jambo lililonisaidia kuliko yote. Dawa hii haitoki mwilini haraka. Huchukua saa 10 mpaka 28 nusu yake tu kupungua kwenye damu, kutegemea mtu. Kwa hiyo huwezi kuizuia isifike asubuhi. Unachoweza ni kuisogeza ili ile nguvu yake kubwa ipite wakati umelala. Akaniambia nimeze mapema, saa moja au mbili kabla ya kulala. Nikaifunga kwenye swala: nikimaliza Isha, namimina maji, namezea palepale. Saa tatu na nusu niko kitandani. Kwa saa hizo, saa kumi nilianza kuamka na akili yangu, ingawa siku tano za mwanzo nilimwachia mwanangu mkubwa kikaango, mimi nikakaa upande wa kufunga na kupokea hela. Kama unaendesha bodaboda au gari, usiguse chombo mpaka ujue asubuhi zako zikoje. Na kila dozi ikipandishwa, jipime upya. Siku ukisahau ukakumbuka usiku wa manane, iache hiyo, kesho endelea na saa yako, usimeze mbili.

Kinywa kitakauka. Hilo karibu kila mtu hulipata. Mimi ulimi ulikuwa unagandana na kaakaa, nikawa naweka kikombe cha maji karibu na nanywa kidogo kidogo, mchana natafuna bigijii isiyo na sukari. Piga mswaki vizuri, maana mate yakipungua meno huoza upesi. Choo kitakuwa kigumu: papai, mchicha, maji, na usisubiri siku ya nne ndipo ulalamike. Hamu ya vitu vitamu inaongezeka, na uzito unaweza kupanda. Kwangu ulipanda kilo mbili. Ndoto zilikuwa nyingi na za wazi mno. Nilimwota mama karibu kila usiku wa wiki ya pili, na sikuzichukia ndoto zile.

Kitu cha kuogopa usiku ni kusimama ghafla. Presha hushuka ukiinuka, macho yanaingia giza. Choo chetu kiko uani na kuna ngazi mbili. Utaratibu wangu ukawa huu: nikiamka nakaa ukingoni mwa kitanda, nasoma Fatiha moja taratibu, natia miguu chini, nawasha tochi, ndipo nasimama. Wazee wawe waangalifu zaidi. Kama unamwanzishia mzazi wako dawa hii, mwulize daktari mara mbili, kwa sababu kwa wazee kuanguka na kuchanganyikiwa ni hatari ya kweli.

Ramadhani ilinikuta nikiitumia. Kidonge kilikaa vizuri usiku, lakini kuamka kwa daku kulikuwa kuzito, na kinywa kikavu mchana ni mtihani. Nilimwendea daktari wiki mbili kabla, tukakubaliana nimeze baada ya futari badala ya kungoja tarawehe iishe, na ninywe maji mengi kati ya futari na daku. Usijipangie mwenyewe.

Usitegemee dawa ifanye kazi yote. Nilikuwa mtu wa kahawa tungu jioni, barazani na wenzangu. Niliihamishia asubuhi, na baada ya saa nane mchana sigusi kahawa wala chai ya rangi. Usingizi wa mchana nikaukata, huo ulikuwa mgumu kuliko kahawa. Saa ya kuamka ni ileile hata Ijumaa. Na nikizinduka usiku nikaona usingizi umekwisha, natoka kitandani, nakaa kwenye kiti gizani nikivuta uradi mpaka macho yawe mazito, ndipo narudi. Simu inalala sebuleni. Haya yote niliyaandika kwenye daftari lilelile la hesabu za vitumbua: nimemeza saa ngapi, nimelala saa ngapi, nimezinduka mara ngapi, kichwa asubuhi kikoje. Wiki mbili za daftari zilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu ya mdomo.

Kuna mambo ya kukupeleka hospitali siku hiyohiyo: mkojo kugoma, jicho kuuma na kuwa jekundu huku unaona ukungu, moyo kwenda mbio au kurukaruka, kuzimia, degedege, kuchanganyikiwa. Na mawazo ya kujidhuru, hasa wiki za mwanzo na hasa kwa vijana wa chini ya miaka 25. Waambie watu wa nyumbani kwamba umeanza, ili wakikuona umebadilika wajue pa kuanzia. Mimi nilimwambia mwanangu na yule wifi yangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi.

Sehemu ninayoomba uisome mara mbili ni hii. Dawa hii ikizidi inaua. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo, na vinafanana na peremende. Nina mjukuu wa miaka mitatu anayefungua kila kitu. Vyangu vilikaa kwenye kasha la bati ninalotunzia pesa za upatu, na ufunguo uko shingoni. Mtoto akimeza, au mtu mzima akizidisha, usipoteze muda kumnywesha maziwa wala kumtapisha, na usingoje dalili. Bajaji, hospitali, na pakiti mkononi.

Baada ya miezi minne maumivu ya mbavu yalikuwa yamebaki ya kukumbushia tu, na nilikuwa nalala kwa muda wa saa sita bila kuzinduka. Sikuacha ghafla. Dawa hii haina ule ulevi wa Valium, lakini ukiikata kwa siku moja unaweza kupata kichefuchefu, kuumwa kichwa, na usingizi kupaa. Tulirudi kwenye nusu kidonge kwa wiki mbili, kisha nikaacha. Usiku wa kwanza na wa pili nililala vibaya. Wa tatu nilizinduka mara moja. Niliyaandika yote daftarini, na kufika wiki ya pili sikuwa tena na la kuandika.

Vilibaki vidonge saba. Jirani yule wa Valium, ambaye naye halali tangu mumewe apate kiharusi, aliniomba nimpe. Nilimnyima, na iliniuma kumnyima. Ana presha ya macho, na hilo nilikuwa nalijua. Vidonge nilivirudisha famasi, na Jumatatu nilipomaliza kuuza tulipanda bajaji wote wawili mpaka kituo cha afya, yeye na mfuko wake wa dawa mapajani.