Fundi Seremala, Kanada Inataka Saa Zako kwenye Karatasi

Barua yangu ya kwanza ya kazi, kutoka karakana niliyoitumikia Muscat miaka minne, ilikuwa na mistari miwili: kwamba nilikuwa seremala wao, na kwamba wananitakia kila la heri. Ningeituma ilivyo, maombi yangu ya kuhamia Kanada yangeishia hapo. Wenzangu mlioko Ghuba, na hata nyinyi mlio bado Keko au Gikomba, wengi wetu tunakwama palepale. Kazi tunaijua, ushahidi wake hatuna.

Ndani ya Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuomba ukaazi wa kudumu, kuna mpango wa mafundi, Federal Skilled Trades. Haudai digrii wala cheti cha kidato cha nne, ingawa ukiwa na elimu inakuongezea alama. Unachodai ni uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na miaka hiyo huhesabiwa kwa saa: 3,120, yaani saa 30 kwa wiki. Lugha hupimwa kwa ngazi za Kanada ziitwazo CLB: CLB 5 kuongea na kusikiliza, CLB 4 kusoma na kuandika. Kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa General Training, hiyo ni 5.0 kuongea na kusikiliza, 3.5 kusoma, 4.0 kuandika. Ndugu wa Bukavu au Bujumbura anaweza kufanya mtihani wa Kifaransa badala yake. Ila hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Ukishaingia mnashindanishwa kwa alama, na lugha inazaa alama nyingi sana, kwa hiyo usiridhike na hizo tano.

Sasa, wewe ni seremala gani? Kwetu fundi mmoja anapaua nyumba Jumatatu na Alhamisi anatengeneza kitanda. Kanada inawatenganisha kwa namba kwenye orodha yake ya kazi: anayejenga fremu za nyumba, kenchi na ngazi yuko namba 72310, wa makabati na samani yuko 72311. Wote wawili wanakubalika. Anayeendesha tu mashine ya kupasulia au kupigia randa kiwandani yuko kundi la 94, na kundi hilo halimo kwenye mpango huu. Nimeona mtu aliyekuwa akichonga makabati kwa mkono, mwajiri wake akamwandika “mwendesha mashine”. Neno hilo moja lilimtoa nje.

Kwa hiyo barua. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, yenye anwani na simu, na sahihi ya msimamizi. Itaje cheo chako, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, na kazi ulizokuwa ukifanya kweli: kusoma michoro, kupima na kukata, kuunga, kufunga milango, kupiga msasa na vanishi. Mimi niliandika mwenyewe orodha ya kazi zangu, nikampelekea karani wa ofisi na chai, akaichapa na bosi akatia sahihi. Kila kilichokuwamo kilikuwa kweli. Uongo ukigundulika unafungiwa miaka 5.

Uliyejiajiri nawe hujatupwa. Tafuta leseni ya biashara, kumbukumbu za kodi, risiti, miamala ya simu, na barua za wateja zinazosema uliwafanyia nini na wakakulipa kiasi gani. Maelezo uliyojiandikia mwenyewe hayatoshi.

Sharti gumu zaidi ni hili: uwe na ofa ya kazi ya kudumu angalau mwaka mmoja, au cheti cha ufundi kilichotolewa na jimbo la Kanada. Cheti cha VETA ya Tanzania au Trade Test ya NITA ya Kenya hakichukui nafasi ya hicho cha jimbo, lakini kibebe, kinasaidia jimbo linapopima uzoefu wako. Mtihani wa Red Seal, ule wa ufundi unaotambulika Kanada nzima, ni wa maswali ya kuchagua, alama ya kufaulu ni asilimia 70, na kwa kawaida itakubidi usafiri hadi jimboni. Usiudharau. Huku Kanada mbao ya “mbili kwa nne” ikishapigwa randa ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, na ndiyo inayosimamishwa ukutani kila baada ya inchi 16. Nyumba nyingi ukuta wake ni fremu ya mbao iliyofunikwa jasi. Unaweza kuwa bingwa wa milango ya mninga na bado swali la fremu likakuangusha.

Kuhusu ofa, mara nyingi mwajiri lazima kwanza apate kibali cha serikali cha kuajiri mgeni, kiitwacho LMIA, na ada yake hulipwa na mwajiri, si mfanyakazi. Anayekuuzia ofa kwa dola elfu kadhaa ni tapeli, hata kama mnasali pamoja. Wakala wa kulipwa, kama si wakili, tafuta jina lake kwenye orodha ya College of Immigration and Citizenship Consultants kabla hujatoa hata senti.

Na kabla hujaondoka Ghuba, chukua hati ya polisi ya huko. Utadaiwa ya kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, na ukishaalikwa kuomba ukaazi una siku 60 tu za kukamilisha maombi. Mimi niliifuatilia nikiwa tayari Dar es Salaam, kwa simu, kupitia rafiki, mwezi mzima wa Ramadhani ambapo ofisi zilifunga mapema.