Hoja ipi inawavuta watu kwenye Jumuiya? Namna ya kuipima mtaani

Muulize muuza mahindi wa Busia kama Uganda ibaki katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, huenda akakujibu ndiyo kwa adabu tu. Kujua maneno ya wanasiasa yanambadilisha kiasi gani, gawa wahojiwa kwa bahati nasibu, kila kundi lisikie hoja yake, kisha wote waulizwe swali lile lile.

Andaa kadi tatu. Ya kwanza ina swali tu, bila hoja. Ndiyo ya kulinganishia. Ya pili inatetea: tangu 2010 kuna soko la pamoja, na Mganda huvuka kwenda Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Ya tatu inapinga: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa hofu ya sumukuvu, soko la pamoja likiwepo. Hoja zilingane urefu, sentensi mbili tatu.

Jina la mwanasiasa lisionekane. Ukianza na "Rais anasema", mtu atamjibu Rais, Jumuiya ataisahau. Ukitaka kupima uzito wa msemaji, ongeza kadi ya nne: hoja ile ile neno kwa neno, na jina juu yake.

Majibu yawe matano, kuanzia "napinga kabisa" hadi "naunga mkono kabisa". Uanachama, sarafu moja na shirikisho la kisiasa viulizwe mbalimbali, maana wapo wanaopenda kuuza bila ushuru lakini hawataki kusikia habari ya serikali moja.

Kadi zichanganywe ofisini na kupewa namba. Mhoji achukue iliyo juu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mhoji aliyechoka humpa mwenye haraka kadi fupi. Kundi la kwanza linajaa waendesha boda, na tofauti utakayoiona ni ya kazi za watu, siyo ya hoja.

Kila kundi liwe na watu 400 hivi. Hapo tofauti iliyo chini ya asilimia 7 usiitangaze. Ukiwa na 100 kwa kundi, hata asilimia 13 inaweza kuwa bahati tu.

Kampala tumia Kiganda, Mbarara Kinyankole. Kiswahili kinafaa mpakani, ila kwa wazee wengi wa Kampala bado kinanuka kambi ya jeshi, na mtu akidhani umetumwa na serikali ataunga mkono chochote. Kibali cha utafiti kiombwe mapema Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kila kijiji mwone kwanza mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Matokeo ya wilaya moja usiyabebeshe nchi nzima. Mpaka wa Katuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa Februari 2019 hadi Januari 2022, kwa hiyo mfanyabiashara wa Kabale, jirani na hapo, ukimsomea kadi ya tatu, ya bidhaa kuzuiwa mpakani, humwambii jipya. Asipobadilika, usiandike kwamba hoja ni dhaifu. Kaisome kadi hiyo hiyo Soroti, mbali na mpaka huo, ndipo ulinganishe.