Jinsi ya kutumia "sorry" bila kueleweka vibaya

Mtu akijikwaa mbele yako, ulimi unawahi kusema "sorry" kwa maana ya pole. Nairobi au Arusha hakuna atakayeshangaa, kwani Kiingereza cha kwetu kimeshalikabidhi neno hilo kazi hiyo. Mwingereza, hata hivyo, huenda akakujibu "It's not your fault", yaani si kosa lako, kwa sababu amesikia unaomba radhi. Kwake heri useme "Are you all right?" Na "pole na kazi" usijaribu kuitafsiri kabisa, "How's it going?" inatosha.

Kwenye msiba ni tofauti. "I'm sorry for your loss" ni rambirambi kamili, na hakuna atakayedhani unakiri kosa.

Kinachoamua maana ni kile kinachofuata. "Sorry about" hufuatwa na jina la jambo, mara nyingi dogo: "Sorry about the noise." "Sorry for" pamoja na kitenzi chenye -ing ni ya kosa lililokwisha kutendeka: "Sorry for breaking your cup." "Sorry to" inafaa zaidi kwa usumbufu unaoufanya sasa hivi, kama vile kugonga mlango wa mtu: "Sorry to bother you." Ukisema "Sorry to break your cup", unasikika kama ndiyo kwanza unakinyanyua ukivunje.

Kosa sugu ni "Sorry for late". "Late" ni kivumishi, na "for" inataka nomino au kitenzi chenye -ing. Sema "Sorry for being late", au kwa wepesi zaidi, "Sorry I'm late". Vivyo hivyo "I sorry you" haisimami, kwa kuwa "sorry" yenyewe ni kivumishi na inahitaji "am".

Penye hatari zaidi ni "sorry for" ikifuatwa na mtu. "I feel sorry for him" maana yake namhurumia. Kama ulimwomba radhi, sema "I said sorry to him". Kumwambia mtu usoni "I feel sorry for you" mara nyingi ni kumdharau, hasa mkiwa katika ubishi.

Ikitangulia nomino, "sorry" inageuka kuwa duni au ya kusikitisha: "a sorry state", "a sorry excuse". Ukiitamka peke yake huku sauti ikipanda mwishoni, unaomba mtu arudie alichosema.

Asili yake ni "sarig" ya Kiingereza cha kale, mwenye uchungu moyoni, iliyotokana na "sar", maumivu, ambayo leo ni "sore". Wengi huiunganisha na "sorrow", huzuni, lakini hiyo ilitoka katika "sorg", neno jingine kabisa. Matamshi ndiyo yaliyoyasogeza maneno hayo mawili karibu. Kwa hiyo maana ya uchungu ilitangulia ile ya kuomba radhi, na "sorry" yetu ya pole haiko mbali na mzizi wake.

Katika barua ya ofisi andika "We apologise for the delay". Wengine huogopa kwamba kuomba radhi ni kukiri kisheria. Huko Uingereza na Wales, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe.